Shangazi Hataki Pole

Niseme mapema ili tusije tukakosana. Mtu akiniuliza habari za shangazi yangu huku amelaza shingo upande na kuvuta sauti, "Masikini, anaendeleaje?", huyo namwacha na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, atoke hivyo hivyo barabarani. Mimi ni msusi, naweza. Na kuna mmoja nimeshamfanyia.

Shangazi ni dada yake baba, mdogo wake wa pekee, na kazi yake ni udobi. Si ule wa beseni na kamba uani, ingawa huo nao anauweza. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa: shuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza, sare za wapishi. Akiingia nyumbani kwako hatazami mapazia yana maua gani, anatazama upindo. Ukimkaribisha chai anainua ncha ya kitambaa cha meza aone upande wa chini. Mama yangu, ambaye ni wifi yake na mshindani wake wa maneno tangu siku ya harusi, alikuwa akisikia Shangazi anakuja anakusanya taulo zote zilizochakaa na kuzisukumia chini ya kitanda.

Basi hoteli ikafungwa. Wenyewe walisema wanaikarabati, lakini nani anakarabati hoteli kwa kuuza vitanda? Shangazi akajikaza kisabuni kwa muda kwenye chumba chake cha kupanga, mwisho kodi ikamshinda, akahamia kwetu. Mnauliza mume? Mume alikuwa ameondoka siku nyingi. Alikwenda kuoa mji mwingine na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Viatu Shangazi alimpa mlinzi wa hoteli, na nasikia vilimkaa vizuri.

Kwetu alilala sebuleni kwenye kochi refu. Asubuhi, kabla yeyote hajafungua mlango wa chumba, ameshakunja shuka, blanketi na mto na kuvipanga nyuma ya kochi, mgeni aingie asijue kwamba kuna mtu analala pale. Pasi yake nzito, aliyoinunua kwa jasho lake, ilikaa chini ya meza ya televisheni, imefunikwa kitambaa. Hapo ndipo paliponiuma. Mtu mzima aliyezoea kuwa na ufunguo wake mfukoni, anaishi kama anayejificha.

Baba hakumsimanga hata siku moja, tusimsingizie. Alimpenda mno, akampenda mpaka akawa kero. Baba ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa sauti nene na maneno marefu, na kila mgeni aliyekanyaga sebuleni alitambulishwa hivi: "Huyu ni dada yangu. Masikini dada yangu, maisha yamempiga." Anasema hivyo Shangazi akiwa palepale, trei ya chai mkononi! Mgeni naye anajibu, "Pole sana, mama," na Shangazi anasema ahsante, kwa sababu utajibu nini tena?

"Mwanangu," aliniambia siku moja jikoni, tukimenya viazi, "njaa naijua na naiweza. Kulala kwenye kochi naweza. Hilo neno 'masikini' ndilo linalonimaliza. Kila kaka akilitamka najiona nimepungua kimo."

Hakulia. Alikuwa anamenya ganda jembamba, refu, bila kulikata. Lakini mimi nilitaka kulia, nikasingizia kitunguu, wakati vitunguu vilikuwa bado kapuni.

Kwa hiyo mteja wangu mmoja, nesi, alipoketi kwenye kiti akaniambia hospitali yao inatafuta msimamizi wa udobi, kitana kilinidondoka. Nikamuuliza mara mbili mbili. Ndiyo, tangazo limebandikwa getini, barua za maombi zipelekwe dirisha la utumishi, mwisho Ijumaa. Yule nesi nilimsuka harakaharaka, Mungu anisamehe, nikafunga saluni na kukimbia nyumbani.

Jumapili tukakaa kikao sebuleni: Baba, Mama, Shangazi na mimi. Baba alivaa miwani yake ya kusomea, akatoa kalamu ya wino na karatasi ambayo, kumbe, alikuwa ameshaijaza tangu jana yake. Akakohoa kama anayesubiri hakimu aketi.

"'Kwa heshima na taadhima kubwa,'" akaanza, "'mimi mja dhaifu, nisiye na mbele wala nyuma, nashika kalamu yangu huku mkono ukitetemeka...'"

"Kaka," Shangazi akamkatiza, "natetemeka nina nini? Naumwa?"

Mama akaangua kicheko. "Mwache aendelee, wifi. Siku zote nimetamani nikuone unatetemeka."

Baba hakucheka. Akaendelea: sina makao, sina wa kunishika mkono, mgongo unanisumbua, nasaidiwa na kaka yangu ambaye naye amestaafu, basi mnionee huruma mnipe kazi hii nipate kusitirika.

"Baba!" nikashindwa kujizuia. "Nani atamwajiri dobi mwenye mgongo mbovu?"

"Barua ni lazima iguse moyo," akasema Baba. "Mkubwa anayeisoma ni binadamu, ana moyo. Wewe suka nywele."

Hapo akanigusa pabaya. Nikasimama. Nikamwambia mimi nasuka nywele, sawa, lakini pia naajiri watu, na barua za kuomba kazi nazipokea kwa mdomo kila mwezi. Alikuja msichana mmoja akasema, "Dada, nisaidie, nyumbani hali ni mbaya." Nilimwonea huruma kweli. Nikampa nauli, akaenda zake. Akaja mwingine akasema, "Dada, nimekaa hapo nje Jumamosi mbili. Unawarudisha akina mama wenye watoto kwa sababu watoto wanalia. Mimi najua kumsuka mtoto bila kumliza." Huyo nilimkabidhi kitana palepale, na yupo hadi leo. Huruma ilimpata wa kwanza, kazi ikampata wa pili. Kwa nini? Kwa sababu wa pili alizungumzia tatizo langu mimi, hakunibebesha la kwake.

Mama akasema, "Haya, msusi ametoa hukumu." Shangazi alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu hoteli ifungwe. Akaenda chini ya meza ya televisheni, akatoa pasi, akatandika blanketi mezani na kuanza kupiga pasi mashati ya Baba.

"Chukua simu yako," akaniambia. "Nikiongea, andika. Nikinyamaza, subiri."

Nikaandika. Alikuwa anasema mstari mmoja kwa upande mmoja wa shati. Ninayo bado kwenye simu, na inasema hivi:

"Naomba kazi ya msimamizi wa udobi mliyoitangaza. Kazi hiyo niliifanya hotelini mpaka hoteli ilipofungwa. Nilisimamia wafuaji na wapiga pasi, na pasi niliishika mwenyewe. Kuna asubuhi mashine kubwa iliharibika wakati jioni yake tuna harusi ya watu wengi. Niliwagawa wafanyakazi, tukafua kwa mikono, na vitambaa vya meza vikatandikwa kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Bwana harusi hajui mpaka leo.

"Najua shuka ya hospitali si ya hoteli. Hotelini doa ni aibu, hospitalini doa linaweza kumuua mtu. Kitu cha kwanza nitakachotaka ni nguo chafu na nguo safi zisipite mlango mmoja wala zisibebwe kwenye toroli moja. Hilo likishakaa sawa ndipo nitazungumza nanyi habari za sabuni.

"Mimi ni mkali kazini. Kama mnataka kujua zaidi, muulizeni aliyekuwa mkuu wa vyumba pale hotelini. Namba yake iko hapa chini. Niko tayari kuja kuonana nanyi siku yoyote."

Basi. Jina, namba ya simu, imekwisha. Haikujaza hata ukurasa.

Mama alikuwa wa kwanza kuruka. "Wifi, umeingiwa na nini? Mkuu wa vyumba? Yule mliyekuwa mnapigana vijembe kila siku ya Mungu? Si ulikuja hapa ukasema ukimwona njiani utavuka barabara?"

"Ndiye huyo huyo," Shangazi akasema, akigeuza kola. "Rafiki yangu atanisifia, na wao wanajua rafiki kazi yake ni kusifia. Yule hawezi kunisifia bure hata umpe ng'ombe."

Baba alivua miwani. Alisononeka kweli. "Dada, barua kavu kama mkate wa juzi. Haina hata 'tafadhali nifikirieni'. Watasema una kiburi. Watakunyima, halafu mimi nitakutazamaje?" Shangazi akamwambia, "Utanitazama hivyo hivyo unavyonitazama, kaka," akamkunjia mashati yake. Baba akaikunja barua yake mara nne, akaitia mfuko wa shati. Laiti ningemkung'uta ule mfuko!

Kesho yake tulichapisha barua ya Shangazi kwenye duka la fotokopi. Karatasi ya kwanza aliikataa, ilikuwa na kunyanzi pembeni. Ya pili pia, wino ulipauka. Mwenye duka akamuuliza kama anapeleka ikulu. Akaitia sahihi, akaiweka kati ya makaratasi mawili magumu na kuipeleka mwenyewe dirishani kwa mikono yake.

Simu ikaja wiki iliyofuata. Nilimsuka mistari minyoofu, nikamsindikiza. Alivaa gauni la bluu ambalo hata inzi angesita kutua juu yake. Ofisi ya utumishi iko mwisho wa korido, na nje yake kuna benchi chini ya dirisha la vioo vya kupandana. Vioo vilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Sikutega sikio, lakini ningekaa wapi nisiwasikie? Mle ndani walikuwa wawili: mama wa utumishi, mwenye sauti ya taratibu, na bwana mmoja mwenye miwani, msimamizi wa majengo na huduma, ambaye hakuonekana mtu wa mzaha.

Wakasalimiana. Kiti kikaburuzwa. Kisha mama wa utumishi akasema kwa upole, "Kabla hatujaanza, mama, pole sana kwa msiba."

"Msiba gani?" Shangazi akauliza.

"Wa mzee. Mume wako, marehemu. Umeandika hapa kwamba alifariki ghafla akakuacha bila makao."

Nilihisi benchi linazama. Mja dhaifu! Baba! Yule karani mzee alikuwa ameiandika upya ile barua yake, akaiongezea na maiti, akaipeleka kimyakimya kwa jina la dada yake.

Yule bwana mwenye miwani akaingilia. "Tuna barua mbili hapa. Jina moja, namba moja ya simu, sahihi mbili. Moja inasema mwombaji ni mjane na mgongo unamsumbua. Nyingine inasema anashika pasi mwenyewe na anataka milango miwili. Barua moja inadanganya. Sisi hapa tunakabidhi shuka za wagonjwa, hatuwezi kumkabidhi mtu mwongo. Tunayemhoji ni nani?"

Nilisimama nikaketi. Nilitaka kupiga kelele dirishani, "Ni Baba! Yeye hana kosa!" Lakini ningekuwa nimemwanika baba yangu mzazi mbele za watu, karani wa mahakama, ameghushi sahihi. Na nikinyamaza, Shangazi anarudi kwenye kochi. Nikauma kanga yangu.

"Naomba niione," Shangazi akasema.

Karatasi ikapita mezani. Aliisoma yote, taratibu. Halafu nikasikia sauti kama ya mtu anayejikaza asilie, nikasema basi, wamemvunja. Nikachungulia. Alikuwa anacheka! Mabega yote yalikuwa yanatikisika.

"Sahihi hii naifahamu," akasema akijifuta macho. "Ni ya kaka yangu. Baba yetu alikufa nikiwa mdogo, kaka akawa ananisainia karatasi zote za shule. Naona hajaacha. Mume wangu hajafa, ana mke mwingine na nasikia amenenepa. Kaka yangu ndiye aliyemuua, hapa, kwenye mstari huu, na hata kumzika hakumzika."

Mama wa utumishi alianza kucheka, akajidai anakohoa.

"Na mwenye kosa si yeye aliyeandika uongo peke yake," Shangazi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ile ya chumba cha kufulia. "Mimi nimekaa kwake nikinyamaza kila aliponionea huruma, akadhani huruma ndiyo ninayoitaka. Lakini nawaomba mtuelewe. Yeye amewaandikia kwa sababu ananipenda. Mimi nimewaandikia kwa sababu kazi hii naiweza. Kama mnatafuta mtu wa kumwonea huruma, mwenye barua hiyo sijui anaishi wapi. Kama mnatafuta msimamizi wa udobi, ndiye huyu. Hiyo nirudishieni, hii yangu ibaki mezani."

Yule bwana hakulainika. "Na tutajuaje kwamba hii nayo ni ya kweli?"

"Namba iko chini. Pigeni sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Wakapiga, wakaweka sauti ya juu. Ilipokelewa na mwanamke mwenye haraka zake. Bwana akajitambulisha, akataja jina la Shangazi.

"Nani? Yule?" simu ikafoka. "Huyo ana mdomo huyo! Mnataka ukweli? Sisi hatupikiki chungu kimoja. Alikuwa anawarudisha wahudumu wangu mlangoni na matenga ya shuka, eti hawakutenga taulo. Mbele za watu! Mara ngapi nimemshtaki kwa meneja!"

"Na kazi yake?"

Nilifumba macho.

"Kazi yake," akasema yule mama, taratibu, kama anayetoa mwiba, "sijawahi kutandika shuka yake nikaitandua. Haya, nimesema. Na mnisikilize vizuri, kama nyinyi hamumchukui niambieni leo leo. Kuna hoteli nimepata huku, namtaka mimi."

Shangazi alitoka baada ya muda, ameshika karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akanipita, nikamfuata mbio hadi getini.

"Umesikia?" akauliza bila kugeuka.

"Sijasikia kitu."

"Mwongo kama baba yako," akasema, akanishika mkono na kuubana kwa nguvu. "Naanza Jumatatu." Nililia palepale getini, na safari hii sikusingizia chochote.

Nyumbani tulimkuta Baba sebuleni, redio imezimwa. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, kama mtu anayengoja kuitwa kizimbani. Shangazi aliiweka ile karatasi juu ya goti la kaka yake. Baba aliifungua, akaiona, akaonekana mzee ghafla.

"Wamekataa," akasema. "Nimekuharibia."

"Wamekubali."

"Kwa barua ipi?"

"Ya kwangu, kaka."

Baba akatingisha kichwa, midomo inamcheza. Shangazi akaketi karibu naye, pale pale alipokuwa akilala.

"Hii yako itunze," akamwambia. "Ni barua nzuri sana. Siku nitakayokufa, simama uwasomee watu, walie mpaka wachoke. Lakini nikiwa hai, usinisomee. Mimi nakupenda, kaka, na ulichonifanyia sitakisahau. Ila usiniite masikini tena. Mbele ya mgeni usiniite, na nikiwa sipo usiniite."

Mama, ambaye siku zote ana la kusema, alikwenda jikoni bila kuitwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee wa watu, naye anayafuta kwa mkono wa shati ambalo Shangazi alilipiga pasi. "Utalikunja hilo shati," Shangazi akamwambia, na wote wawili wakaanza kucheka.

Mwezi wake wa pili kazini alipanga chumba karibu na hospitali. Nilimsaidia kuhama. Hakukuwa na mengi: begi, sufuria, na ile pasi aliyokataa mtu mwingine asiibebe. Ufunguo alifungua mwenyewe, akafunga, akafungua tena, nami nikajifanya natazama ukuta.

Juzi nilikuwa nyumbani nikimpunguza Baba ndevu, akaja jirani aliyesafiri muda mrefu. Akaketi, akatazama kochi, akalaza shingo upande. "Na yule dada yako," akauliza, "anaendeleaje?"

"Ah, masi..." Baba akaanza, kwa mazoea. Nilisimamisha mkasi. Akameza mate, akajiweka sawa kwenye kiti na taulo lake shingoni.

"Dada yangu," akasema kwa ile sauti yake ya mahakamani, "yuko kazini."